Pini Mdomoni

Katika mtaa ule hakuna aliyemwita Fundi kwa jina lake. Wateja walimwita Fundi, majirani walimwita Fundi, na hata mumewe, ambaye naye alikuwa fundi wa bomba na angeweza kudai cheo hicho nyumbani, alimwita Fundi na kujitambulisha kwa wageni kama "msaidizi wake." Kibanda chake cha ushonaji kilikuwa na upana wa mlango na nusu. Ndani mlikuwa na cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia ambayo mguu wake mmoja uliegemezwa kwenye kipande cha tofali, kioo kirefu chenye ufa kwa chini, na magauni yaliyoning'inia ukutani yakiwasubiri wenyewe.

Alikuwa na tabia moja ambayo wateja wake wote waliijua. Akianza kumpima mtu nguo, alijaza pini mdomoni, akazibana safu nzima kwa midomo, na tangu hapo akawa bubu. Ukimsemesha, alikujibu kwa kichwa. Watu walimtania kwamba mumewe ndiye aliyemnunulia pini hizo ili nyumba ipate utulivu. Kwa miaka mingi tabia hiyo haikumdhuru mtu, na siku ilipodhuru, aliyeumia hakuwa hata mteja.

Nyumbani kwa Fundi aliishi pia dada wa mumewe. Alikuja na sanduku moja baada ya ndoa yake kuvunjika, akasema atakaa mpaka apate pa kwenda, lakini watoto wakamzoea shangazi yao hata habari za pa kwenda zikasahaulika. Fundi alimwita wifi, naye akamwita Fundi wifi, kama ilivyo. Na kwa kuwa waliitana hivyo kwa sauti kubwa popote walipokuwa, watu wakaiga, hadi wazee wenye mvi wakawa wanamwita mwanamke yule Wifi kana kwamba wao nao wameolewa na kaka yake.

Wifi alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kutwa alikuwa kwenye mvuke, akitoa mashuka kwenye mashine na kuyaingiza kwenye nyingine, na dawa ya kuondolea madoa ilikuwa imemchubua vidole na kumkwaruza koo. Akiimba peke yake, alisikika kama mtu anayesimulia jambo akiwa na mafua. Ila sikio lake lilikuwa sikio. Ukimpa sauti asubuhi, angekurudishia ileile jioni, bila kuipandisha wala kuishusha.

Wote wawili waliimba katika kwaya ya mtaa. Haikuwa kwaya ya wanamuziki. Walikuwamo kinyozi, karani wa idara ya maji, dereva wa lori la mchanga, mama muuza mboga, na msichana wa duka la simu waliyempachika jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko. Walikutana darasani baada ya kazi, wakasukuma madawati ukutani, wakajipanga kwa safu. Mwalimu wao alifundisha hesabu mchana katika chumba hichohicho, na jioni alisimama mbele ya ubao uleule, mikono ya shati ikiwa bado na vumbi la chaki.

Kinanda cha kwaya kilikufa zamani. Mwalimu, mtu wa kupenda utaratibu, akabuni njia yake. Katika kila sauti alichagua mtu mmoja akamwita shina. Kabla ya wimbo alipita mbele ya mashina manne, akamvumishia kila mmoja sauti ya kuanzia, "mmm," kisha akarudi mahali pake na kuinua mkono. Shina liliishika sauti ile, walio karibu nalo wakaichukua kwake, na hivyo hadi mwisho wa safu. Kanuni ilikuwa moja, na aliirudia hadi watoto waliochungulia dirishani wakaijua: shina likianza, hakuna kusahihisha. Hata ukisikia limekosea, lifuate.

"Wimbo uliokosewa na watu wote bado ni wimbo," alikuwa akisema. "Wimbo unaosahihishwa na watu watatu hapo katikati ni soko."

Shina la sauti ya pili lilikuwa Fundi. Sauti yake ilikuwa nzito na ya kujaa, kama inayotoka ndani ya mtungi, na Mwalimu alimchagua tangu siku ya kwanza bila kujiuliza mara mbili. Jambo ambalo Mwalimu hakulijua ni kwamba sauti haikukaa kichwani mwa Fundi. Alipokuwa akipewa, aliipata vizuri. Lakini Mwalimu akishakwenda kwa sauti ya tatu, kisha ya nne, kisha akarudi mbele na kukohoa kidogo kama kawaida yake, ile "mmm" ya Fundi ilikuwa imeshayeyuka kama sukari kwenye chai. Hapo ndipo Wifi, aliyesimama kushoto kwake, alipoivumisha tena, midomo ikiwa imefungwa, chini kwa chini kiasi kwamba lililoisikia zaidi lilikuwa bega la Fundi. Fundi aliichukua, akaanza, na safu nzima ikamfuata Fundi.

Kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kulizungumzia. Halikuwa na jina, na jambo lisilo na jina ni rahisi kujifanya halipo.

Kisha ukaja mwaliko. Kwaya moja ya ng'ambo, nayo ya watu wa kawaida wenye kazi zao, iliona video aliyoirusha Chiriku ikapendezwa. Waliwaomba waende kuimba katika kumbi mbili, walale majumbani mwa wenyeji, wafundishane nyimbo na kuonyeshana maisha. Darasa lililipuka kwa vigelegele hadi mlinzi wa shule akaja kuuliza kuna nini. Ila vitanda vya wenyeji havikutosha kwaya nzima. Kila sauti ilibidi imwache mtu.

Mwalimu alikwenda kibandani kwa Fundi mchana, kati ya kipindi na kipindi. Fundi alikuwa amepiga magoti akipinda gauni la mteja aliyesimama juu ya kigoda, pini zikiwa mdomoni.

"Fundi, sitakuchelewesha," Mwalimu alisema akiwa mlangoni. "Katika sauti ya pili ni kati ya Wifi na Chiriku. Chiriku ana sauti, ila bado mgeni. Wifi ni wa siku nyingi, lakini tuseme ukweli, sauti yenyewe unaijua. Wewe ndiye shina, nakutegemea. Nikimwacha Wifi, safu yako itayumba?"

Asubuhi ile, wakati wa chai, Wifi alikuwa amewavunja mbavu watoto kwa kuigiza jinsi mama yao atakavyotembea kwenye baridi, amejifunga mashuka kama mgonjwa aliyetoroka wodini. Mume wa Fundi alicheka hadi akaweka kikombe chini. Fundi mwenyewe alicheka, lakini kidogo tu. Kila kilichochekesha ndani ya nyumba ile kilitoka kwa Wifi. Kila mtoto aliyejikwaa alimkimbilia shangazi. Na kwenye kwaya, pale pekee ambapo Fundi alikuwa mtu wa mbele, palikuwa na bega lile la kushoto lililojua siri yake. Alijiona amesimama mbele ya watu wa ng'ambo, yeye peke yake, hakuna anayemjua zaidi ya anavyosikika.

Alitikisa kichwa.

"Haitayumba?" Mwalimu aliuliza tena, kuhakikisha.

Alitikisa tena.

"Basi umenipunguzia mzigo." Na Mwalimu akaenda zake, maana kengele ya shule ilikuwa inalia.

"Fundi!" mteja alipiga ukelele juu ya kigoda. "Mbona unanichoma?"

Pini zilikuwa chache. Angeweza kuzitema kiganjani, akasema neno, hata nusu ya neno. Baadaye, alipotaka kujitetea moyoni, alijiambia kwamba hakusema kitu. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia.

Jioni ile Mwalimu alimwita Wifi pembeni kabla ya mazoezi. Waliongea karibu na mlango, Mwalimu akiangalia viatu vyake. Wifi alisikiliza, akaitikia, kisha akatupa jicho upande wa sauti ya pili. Aliporudi kwenye safu alikuwa anatabasamu.

"Haya jamani," aliwaambia wenzake, "mimi nimeachiwa mtaa niulinde. Mkirudi mkaukuta umeibiwa, msiniulize."

Watu walicheka kwa ahueni, kama wachekavyo watu wanapoondolewa aibu. Wimbo wa kwanza ulipotajwa, Mwalimu alipita na "mmm" yake, akarudi mbele, akakohoa. Wifi akavumisha kama siku zote. Fundi akaanza.

Njiani kurudi nyumbani Fundi alikuwa amepanga maneno ya kumpa pole. Wifi alimtangulia.

"Usinune kwa niaba yangu, wifi. Tangu lini mashine za hospitali zikaniruhusu niugue hata mafua? Wangenipa wapi likizo?"

"Wangekupa," Fundi alisema.

"Wangenipa," Wifi alikubali, akaongeza mwendo.

Sare zilikuwa zimeshakatwa. Fundi ndiye aliyezishona zote, kitambaa cha rangi ya samawati kilichoiva, na gauni la Wifi lilikuwa tayari limeunganishwa mabega. Sasa lilipaswa kuwa la Chiriku, aliye mfupi na mpana kidogo. Wifi alilichukua mwenyewe, akaketi sebuleni chini ya taa, akaanza kufumua mishono kwa wembe.

"Shangazi, hilo si lako?" binti wa Fundi aliuliza.

"Lilikuwa. Sasa nimemchangia Chiriku. Ila kiuno changu nakidai, hawezi kukipata popote."

Mumewe Fundi alicheka. Fundi aliinamisha uso kwenye cherehani. Wembe ulikuwa ukikata uzi mmoja mmoja, tik, tik, na kila uliokatika aliusikia.

"Wifi," Wifi alimwambia Fundi bila kuinua macho, "hebu lete simu yako nikuwekee sauti za kuanzia. Wimbo mmoja mmoja. Utakuwa unasikiliza kabla hujapanda jukwaani."

Ilikuwa mara ya kwanza jambo lile kutamkwa. Fundi aliona uso ukimwaka moto. Mumewe alikuwa palepale, binti palepale.

"Kwani mimi naanza kuimba leo?"

"Sijasema hivyo."

"Sauti Mwalimu ananipa."

"Anakupa," Wifi alisema, akivuta uzi uliokatika. "Sikatai."

"Kuna nini?" mumewe aliuliza, akiwatazama kwa zamu.

"Mambo ya sauti ya pili, kaka. Wewe baki na bomba zako."

Siku ya safari Wifi aliingia kazini akiwa amechelewa ili awasindikize hadi kwenye basi. Alimvalisha Fundi sweta lake zito la kazini, lile la kuvaa akitoka kwenye mvuke, lenye harufu ya sabuni ya hospitali isiyotoka hata likifuliwa vipi. "Niletee kitu kidogo," alisema. "Kisichoyeyuka."

Huko ng'ambo baridi iliwapokea uwanja wa ndege, wakaona pumzi zao zikitoka kama moshi. Chiriku alipuliza na kupuliza mpaka akapata kizunguzungu. Wenyeji walikuja na magari yao madogo, kila mmoja ameandika jina la mgeni wake kwenye kipande cha boksi. Fundi alichukuliwa na bibi mmoja mwembamba, mstaafu, aliyewahi kufanya kazi ya kusambaza barua kwa baiskeli na bado alikuwa na misuli ya miguu ya kazi hiyo. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Waliongea kwa mikono, kwa kucheka, na kwa kuonyeshana picha za watoto. Bibi alipotaka kujua Fundi anaimba wapi, Fundi aliweka kiganja usawa wa kifua. Bibi alifurahi, akajipiga kifua mara mbili. Naye alikuwa sauti ya pili.

Walizungushwa kila siku. Walionyeshwa karakana ya ufumaji ambako Fundi aligusa kila uzi hadi mlinzi akaguna. Walifundishwa hatua za dansi za wenyeji, na yule dereva wa lori akamkanyaga mama wa watu vibaya sana, kisha akarudia. Walikaa kwenye mazoezi ya wenzao, wakashangaa kuona kila mtu ameshika karatasi, na mwongozaji akigonga kiuma kidogo cha chuma chenye meno mawili gotini, akakiweka sikioni na kutoa sauti. Mwalimu alikiomba, akakigeuza-geuza mkononi kama mtoto aliyepewa saa.

Katika duka moja Fundi aliona vifungo vya mbao, vyepesi, vilivyochongwa kwa mkono. Alinunua seti moja kwa ajili ya Wifi. Haviyeyuki.

Lakini kilichomkaa Fundi zaidi katika siku zile kilikuwa kitu kidogo cha jikoni. Baada ya chakula bibi aliosha vyombo, Fundi akafuta. Bibi akaanza kuvumisha wimbo, midomo imefungwa, polepole, na Fundi akajikuta amesogea mpaka mabega yao yakagusana. Bibi alidhani ni upendo, akamwegemea. Fundi alifuta sahani ileile mpaka ikalia.

Usiku wa onyesho la kwanza ukumbi ulijaa. Nyimbo za mwanzo zilikwenda salama, kwa kuwa zilianzwa na sauti ya kwanza au na wanaume, na Fundi aliwafuata tu. Wa mwisho ulikuwa wimbo wao wa kuagana. Huo uliongozwa na sauti ya pili peke yake, chini kabisa, kama mtu anayezungumza mlangoni na hataki kuondoka. Halafu wengine huingia, na katika ubeti wa tatu sauti ya kwanza hupanda juu sana, mahali ambapo wale akina mama hufumba macho.

Mwalimu alipita. "Mmm," alimpa Fundi. Fundi aliipata. Aliibana kama anavyobana pini. Mwalimu akaenda kwa sauti ya tatu, akaenda kwa ya nne, akarudi mbele, akakohoa. Mtu mmoja ukumbini naye akakohoa. Taa zilikuwa kali. Fundi aliegemeza bega la kushoto, na bega likakutana na Chiriku, aliyegeuka na kumnong'oneza, "Fundi, umependeza!"

Mkono wa Mwalimu ulikuwa umeshainuka.

Akaanza. Alijua tangu silabi ya kwanza. Ilikuwa juu, juu mno, na hakuna popote alipoweza kuishusha. Safu yake ilimfuata kama ilivyofundishwa. Sauti ya tatu ikamfuata. Wazee wa sauti ya nne, ambao bila shaka walisikia, waliingia nao bila kusita, kwa sababu hiyo ndiyo kanuni. Wote walikosea pamoja, kwa utii, kwa upendo, na Mwalimu mbele yao aliendelea kupunga mkono huku uso umemparama. Ubeti wa tatu ulipofika, akina mama wa sauti ya kwanza walifumba macho wakapanda. Mmoja akakatika. Wa pili akakatika. Aliyebaki alilia noti moja nyembamba kama mlango usiopakwa mafuta, naye akanyamaza. Kwa muda hapakuwa na wimbo juu yao, pengo tu. Kisha wanaume wakaubeba wimbo na kuufikisha mwisho.

Watu walisimama wakapiga makofi. Bibi mwenyeji alikuwa anafuta machozi. Mkalimani aliwaeleza baadaye kwamba wengi wamesema hawatasahau pale waimbaji walipoacha kuimba, kuonyesha kwamba huzuni imewazidi.

"Waambie asante," Mwalimu alisema, na hakumtazama Fundi.

Ndani ya gari Chiriku alikuwa anacheka hadi analengwa na machozi. "Huzuni imetuzidi! Mama zetu wamenyongwa kooni, wenzetu wanasema huzuni!" Wengine wakacheka naye. Hakuna aliyemlaumu Fundi. Walimpa maji, wakamwambia ni baridi imemkaba. Aliitikia kwa kichwa.

Alipofika nyumbani kwa bibi alipiga simu. Wifi alipokea akiwa kazini, kwani wiki ile alikuwa zamu ya usiku, mashine zikinguruma nyuma yake.

"Wifi! Umeliwa na theluji?"

"Nipo."

"Mmeimba? Ule wa kuagana mmeuanzaje?"

Hapo palikuwa na nafasi. Hapakuwa na pini, hapakuwa na mteja, hapakuwa na mume wala binti. Palikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye angeelewa bila kuelezwa mara mbili, na alikuwa amemuuliza.

"Vizuri," Fundi alisema. "Walisimama wakatupigia makofi."

Mashine moja ilizimwa.

"Vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Basi nafurahi," Wifi alisema. "Ngoja nikatoe mashuka."

Katika onyesho la pili Mwalimu aliutoa wimbo wa kuagana. Hakutoa sababu.

Walirudi nyumbani wakapokewa kwa nyimbo. Binti yake alimrukia Fundi mlangoni. "Mama, tuliwaona! Chiriku alirusha video usiku uleule. Shangazi aliiangalia kwenye simu yake akiwa kazini, akapiga kuniambia nami niiangalie."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Mama yenu ameanza juu.' Basi. Halafu akasema pengine utampigia."

Fundi alivua sweta, akalikunja, akaliweka kitini kwa Wifi. Wifi hakuwapo. Alikuwa ameomba zamu ya jioni, mume wa Fundi alisema, kwa sababu jioni joto hupungua. Zamu ya jioni ilianza saa ileile ya mazoezi ya kwaya.

Darasani nako mambo yalibadilika. Wenyeji walikuwa wamempa Mwalimu kile kiuma cha chuma. Sasa alikigonga gotini, akatoa sauti zote nne moja kwa moja kwa kila safu, na mkono ukainuka papo hapo. "Tumeendelea," alisema. "Mashina tumeyaaga." Hakuwa na ubaya, alisema kwa furaha. Fundi akawa mwimbaji wa safu kama wengine. Kushoto kwake palikuwa na Chiriku, na hata Chiriku alijifunza kusimama mbali kidogo, kwa sababu Fundi alikuwa na tabia ya kumwegemea.

Kitambaa cha sare kilikuwa kimebaki. Fundi alikata gauni jipya kwa vipimo vya Wifi, ambavyo hakuhitaji kuvipima. Alilishona kwa mishono midogo, mikono akaitia vishikizo vya kupendeza, mbele akaweka vifungo vya mbao. Siku Wifi alipokuwa na mapumziko, alimwomba apite kibandani akalijaribu.

Wifi alisimama juu ya kigoda mbele ya kioo chenye ufa. Fundi alipiga magoti kupinda ncha ya chini, pini mdomoni.

"Zuri," Wifi alisema. "Lina hadi kiuno changu. Nilijua tu Chiriku hatakiweza."

Fundi aliendelea kupinda.

"Wifi. Siku ile Mwalimu aliniita mlangoni, aliniambia. Alisema, 'Nimemuuliza shina lenyewe, limesema safu itasimama.' Alitaka nijisikie vizuri, masikini."

Mikono ya Fundi ilisimama. Siku ile. Yaani kabla ya wembe na mishono, kabla ya simu na sauti za kuanzia, kabla ya sweta. Alizitoa pini mdomoni moja moja akazichomeka zote kwenye kimto cha pini.

"Sikusema kitu," alisema. "Nilitikisa kichwa tu."

Alisikia mwenyewe jinsi lilivyotoka.

"Najua," Wifi alisema. "Una pini siku zote."

"Nilitaka... mara moja tu, niwe mwenyewe."

"Ungeniambia. 'Wifi, baki, nataka kwenda peke yangu.' Ningekucheka wiki nzima, halafu ningebaki. Na sauti ningekuwekea." Alishuka kigodani taratibu, akishika ncha ya gauni isichomoke. "Na simu ilipokuja nilikuwa nimeshaiona video. Nilikuwa nasubiri wewe useme tu 'wifi, nimepotea.' Basi tu. Ningekuvumishia palepale mbele ya mashine, hata wangenicheka."

"Rudi kwenye kwaya. Nitaongea na Mwalimu. Nitamwambia yote."

"Mwalimu ana chuma chake." Alisema hivyo bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililomkata Fundi maini. "Sina kinyongo, wifi. Tunaishi nyumba moja, nikiwa na kinyongo nitalala wapi? Ila ile hamu imekwenda. Nikiwa na vyombo mbele yangu zamani nilikuwa najikuta naimba. Sasa nafungua redio."

Kisha akajitazama kwenye kioo, akajigeuza upande, akatabasamu. "Gauni nalichukua. Zuri halitupwi."

Fundi alikwenda kwa Mwalimu akamweleza yote, mlangoni pa darasa, bila kuulizwa. Mwalimu alisikiliza, akasafisha miwani kwa ncha ya shati, akasema kwamba lau angejua. Hakumalizia, na kengele ikalia.

Wifi hakulitunza gauni sandukuni. Alilivaa kazini, chini ya aproni ya plastiki, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kizito na kilifyonza jasho. Baada ya muda dawa ya kuondolea madoa ililirukia ikaacha matone meupe kifuani na kwenye mikono, na joto la mashine likavipasua vifungo vya mbao kimoja kimoja. Jioni moja Fundi alilikuta kwenye kamba ya nguo uani, limekauka, ncha ya chini imefumuka upande mmoja. Alilianua. Akaketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni na sindano yake, akaanza kuirudishia mishono. Ndani, redio ilikuwa imefunguliwa na hakuna aliyekuwa akiisikiliza.

Alifumba mdomo akajaribu kuvumisha mwanzo wa wimbo wa kuagana. Akaanza juu. Akaanza tena, chini zaidi, na hapo napo hapakuwa penyewe. Alijaribu mara kadhaa, huku mkono ukiendelea kushona, kisha akaacha, akakata uzi kwa meno, akaenda kulitundika gauni mlangoni mwa chumba cha Wifi ili alikute tayari kwa zamu ya kesho.